Kutoka uji wa chupa hadi uji wa bakuli: nilivyompangia mwanangu kifungua kinywa

Binti yangu alipofikisha miezi 14, kadi yake ya kliniki ilionyesha jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nikilitafutia visingizio. Akiwa na miezi 11 alikuwa na kilo 7.7, akiwa na mwaka mmoja kilo 7.8, na sasa mizani ilisoma kilo 7.9, hivyo kwamba mstari uliopaswa kupanda ulikuwa umelala. Mwanzoni nilisema ni meno, baadaye nikasema ni kwa sababu ameanza kutembea na hatulii. Muuguzi aliyempima siku hiyo, hapa Morogoro tunakoishi, hakunigombeza. Alimchunguza, akaagiza apimwe malaria na akakutwa hana, akahakikisha kwenye kadi kwamba amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, kisha akaniuliza, "Mama, asubuhi anakula nini?"

Nilimjibu bila wasiwasi kwamba anakula uji wa lishe. Aliuliza anautumiaje, nikasema kwa chupa, naye akaniomba niitoe ile iliyokuwa kwenye mkoba. Aliipindua juu ya kiganja chake na uji ukatiririka kama maziwa. Halafu akaitazama chuchu ya chupa, ambayo tundu lake nilikuwa nimelipanua kwa sindano iliyopashwa moto, kama akina mama wengi tunavyofanya. "Mama, huyu hajala," akasema kwa upole. "Amekunywa maji yenye unga."

Maneno hayo yaliniuma, lakini maelezo yaliyofuata ndiyo yaliyonisaidia. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake binti yangu wa kilo 7.9 alikuwa na nafasi isiyozidi sana kikombe kimoja cha chai kwa mlo mmoja. Nikiijaza nafasi hiyo kwa uji mwepesi, mtoto anashiba, anacheza kidogo, analala, na mimi naridhika kwamba amekula, ilhali alichopata ni nguvu kidogo mno, bila protini wala madini ya chuma ya kutosha. Kila asubuhi nilikuwa naulainisha uji ili upite kwenye tundu, na uji ulipokwama nilipanua tundu kidogo na kuongeza maji kidogo. Chupa ndiyo iliyokuwa ikiamua mwanangu ale nini. Siku hiyo hiyo niliiweka kando, na kwa wiki moja hivi tulihangaika naye kwa kikombe na kijiko mpaka akazoea.

Jambo la pili lilikuwa unga wenyewe. Nilikuwa nanunua unga uliochanganywa mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga na mbegu za maboga, nikiamini kwamba kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo lishe inavyoongezeka. Nilipokaa na kulifikiria nikaona kasoro yake. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama na uwele zote ni nafaka, kwa hiyo kuzichanganya zote sita ni kurudia kundi lile lile mara sita. Soya huhitaji kupikwa muda mrefu kuliko nafaka, na isipoiva vizuri humzuia mtoto kunufaika na protini yake na kumjaza gesi tumboni. Ndipo nilipoelewa kwa nini binti yangu alikuwa akijinyonganyonga saa moja baada ya kunywa. Karanga nazo zikisagwa pamoja na nafaka, mafuta yake huharibika haraka na unga wote hupata harufu ya kuchacha. Zaidi ya hayo, mtu akishakusagia huwezi tena kujua karanga na mahindi yalikuwa katika hali gani, na hapa nchini hilo si jambo dogo. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula chakula chenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Kwa hiyo niliacha unga wa mchanganyiko nikaanza kununua ulezi mtupu. Nauchagua, naupepeta kwa ungo, naukosha kwa maji mengi mara tatu au nne kwa sababu huwa na mchanga mwembamba unaojificha, naukausha vizuri juani, ndipo naupeleka mashineni, kilo mbili kwa wakati ili usikae muda mrefu. Nilichagua ulezi kwa kuwa una kalsiamu nyingi kuliko mahindi au mchele, na pia kwa kuwa binti yangu anaupenda. Karanga nazichagua moja moja, nikitupa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu, kisha nazikaanga na kuzisaga laini peke yake na kuzihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko. Sithubutu kumpa karanga nzima, maana mtoto wa umri huu anaweza kupaliwa nazo.

Uji wenyewe naupika hivi. Nakoroga vijiko vitatu vya chakula vya unga katika maji baridi kidogo, namimina kwenye maji yanayochemka, na kukoroga bila kuacha kwa dakika kama 15 hadi harufu ya unga mbichi iishe. Kisha naongeza maziwa yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa, na mwisho nusu ya ndizi kisukari iliyoiva nikiiponda humo humo. Kipimo changu cha uzito ni kijiko: nikikiinamisha, uji unapaswa kukaa juu yake na kuteleza polepole. Ukitiririka, naurudisha jikoni.

Hiyo ndizi ina historia yake. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ndiye anayebaki na mtoto ninapoondoka saa moja kasoro robo, alikuwa ameshazoea kutia sukari vijiko viwili. Nilipomwambia kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili hapaswi kuongezewa sukari, alinitazama akasema, "Mwanangu, mbona mumeo nimemlea kwa sukari na huyo hapo mzima?" Sikutaka kubishana na mtu mzima ambaye bila yeye nisingeweza kwenda kazini. Nilimwomba, "Mama, tujaribu ndizi wiki moja tu, akikataa tutaongea tena." Mtoto hakukataa. Siku ya nne mama mwenyewe ndiye aliyeniambia ninunue kisukari zilizoiva zaidi, zile zenye madoa meusi, kwa sababu ni tamu zaidi na zinapondeka bila mabonge.

Lakini uji, hata ukiwa mzito namna gani, ni nafaka tu pamoja na kilichoongezwa, na niliona si vizuri ule kila siku. Siku hizi uji ni mara tatu kwa wiki. Asubuhi nyingine mbili anakula yai zima lililochemshwa mpaka kiini kimekauka, likapondwa pamoja na kiazi lishe. Hivi viazi vya rangi ya chungwa ndivyo nilivyovifurahia kuliko vyote katika safari hii. Rangi yake yenyewe ndiyo dalili ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vina utamu wa asili, na vikichemshwa na maganda yake hulainika kiasi kwamba mtoto mwenye meno sita anavimudu bila taabu. Navichemsha jioni nikipika chakula cha usiku, asubuhi navipasha tu na kuongeza kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia au kipande cha parachichi. Siku zilizobaki tunaangalia kilichopo: maharage ya jana yaliyokuwa kwenye jokofu, yakapashwa mpaka yakachemka na kupondwa na ndizi za kupika, au wali uliopikwa na maziwa. Zamani nilidhani maharage si chakula cha asubuhi. Mtoto hajui kwamba kuna chakula cha asubuhi na cha mchana. Sisi ndio tunaomfundisha hivyo kwa maandazi na biskuti.

Matunda nayafuata Soko Kuu la Chifu Kingalu kila Jumamosi: papai, embe likiwa msimu wake, machungwa. Siku ya maharage huwa najitahidi asikose kipande cha chungwa au papai kando yake, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na nafaka. Kwa sababu hiyo hiyo tuliondoa chai kabisa. Hili lilikuwa gumu kuliko sukari, kwani nyumbani kwetu chai ya maziwa ndiyo asubuhi yenyewe, na mtoto alikuwa ameshazoea kumegewa mkate uliochovywa kwenye kikombe cha babu yake. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasichukuliwe vizuri, na mtoto anayekula nyama mara chache kama wangu hana madini ya kupoteza. Babu sasa humchovyea mkate kwenye maziwa, na wote wawili wameridhika.

Si kila nilichojaribu kilifaulu. Nilisoma kwamba dagaa wakisagwa na kutiwa kwenye uji huongeza protini na kalsiamu, nikawatoa vichwa, nikawaosha mchanga, nikawakausha, nikawakaanga bila mafuta na kuwasaga unga laini. Nilitia kijiko kimoja cha chai kwenye uji wa ulezi wenye ndizi, na binti yangu alionja mara moja, akafunga mdomo, akasukuma bakuli, na kwa siku mbili akawa na shaka na kila uji nilioleta. Kosa lilikuwa langu, maana hata mimi nilipoonja sikuweza kumaliza kijiko. Unga ule ule niliuhamishia kwenye kiazi lishe kilichopondwa na nyanya kidogo iliyopikwa, akala mpaka akalamba kidole.

Pia nilijifunza kumpa muda. Nilikuwa namlisha huku natazama saa, na akigeuza uso namfuata na kijiko. Sasa naamka saa kumi na moja na nusu, yeye anaamka saa kumi na mbili, ananyonya kidogo, kisha anakaa mkekani na bakuli lake na kijiko chake, nami nina kijiko cha pili. Anamwaga, ndiyo, lakini akisema basi ni basi. Akiwa amekula nusu, mama mkwe humpa iliyobaki au tunda saa nne. Kunyonyesha sikuacha, na muuguzi alisisitiza nisiache mpaka afikishe miaka miwili au zaidi.

Miezi minne baada ya siku ile ya chupa, akiwa na miezi 18, alikuwa na kilo 9.1. Mwezi uliopita, akiwa na miezi 22, alifika kilo 10.2.

Kilichobaki kunisumbua kilikuwa siku za homa. Mtoto mgonjwa hataki kitu kizito, na nilichelea kurudi kwenye uji wa maji. Mama mkwe ndiye aliyenipa jibu, kwa kitu alichokijua tangu usichana wake kijijini, walipokuwa wakitengeneza togwa. Aliloweka ulezi usiku mmoja, akauweka kwenye kitambaa safi chenye unyevu mpaka ukaota, akauanika na kuusaga: kimea. Uji ukishaiva ukiwa mzito, unaupoza kidogo, unatia kijiko kimoja cha chai cha kimea na kukoroga, na mbele ya macho yako ule uji uliokuwa umeshikamana na mwiko unalegea na kuwa wa kunyweka, bila tone la maji kuongezwa. Kisha unaurudisha jikoni uchemke tena kidogo ili uwe salama. Nilipouona mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. "Hukuniuliza, mwanangu," akanijibu. "Ulikuwa unanieleza tu."

Kopo la kimea sasa liko juu ya kabati letu, na yeye ndiye anayelijaza.