Mwili Usio na Ndugu

Mdogo wangu anasoma udaktari hapahapa Dodoma, na muhula huu wameanza kuingia chumba cha anatomia, wanakopasua maiti ili kujifunza mwili wa binadamu. Jumapili alikuja kwangu Nkuhungu kula, akala kidogo sana. Nikadhani ni harufu ya dawa imemkaa puani. Akatikisa kichwa. "Dada, yule mzee hatujui anaitwa nani." Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo wiki nzima.

Miili mingi wanayojifunzia madaktari wetu ni ya watu waliofia hospitalini na ndugu hawakutokea kuwachukua. Nilikuwa nalijua hilo juujuu tu. Kusikia mdogo wangu akilisema mezani ni jambo jingine.

Mimi napenda filamu za kutisha tangu enzi za vibanda umiza, mtafsiri akipaza sauti juu ya mayowe ya wazungu na sisi tumebanana kwenye benchi. Mama hukereka, husema nakaribisha mashetani nyumbani. Lakini damu haijawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni mwili ambao hakuna anayesema "huyu ni wetu", na wiki hii nimeona kwamba hadithi hizi za makaburi na ngome kuukuu zimejaa hofu hiyo toka mwanzo.

Mchukueni kiumbe wa Frankenstein, yule mwanasayansi wa hadithini. Wengi tunamjua kwa sura ya filamu ya mwaka 1931: kichwa bapa, kope nzito, vyuma viwili shingoni, sura ambayo fundi Jack Pierce aliijenga juu ya uso wa Boris Karloff. Kwenye kitabu cha Mary Shelley, kilichotoka London mwaka 1818, yuko tofauti. Ana urefu wa futi 8, nywele nyeusi za kung'aa, meno meupe, na ngozi ya manjano iliyojibana hata misuli inaonekana chini yake. Aliyemuumba aliokota vipande makaburini, kwenye vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni. Kila kipande cha mtu kilikuwa na mama yake. Kiumbe mzima hana hata jina.

Waliokisoma wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1752 ilitoa miili ya wauaji walionyongwa ipasuliwe, na miili hiyo haikuzitosha shule za udaktari, basi watu wakaingia makaburini usiku na majembe. Familia zilikesha kulinda wafu wao, na kule Uskoti wenye uwezo waliweka vizimba vya chuma juu ya makaburi. Mwaka 1828 mjini Edinburgh, William Burke na William Hare waliona kuchimba ni kazi ya bure. Waliwaua watu 16 na kuuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Burke alinyongwa mwaka uliofuata, naye akapasuliwa, na mifupa yake ingali kwenye chuo kikuu cha mji huo. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1832: maskini aliyefia kwenye nyumba za mafukara, asipotokea ndugu wa kumdai, angeweza kupelekwa kwa wapasuaji. Wezi wa maiti wakakosa soko. Maskini wakabaki na hofu ya kufa peke yao.

Nikisoma hayo namwona yule mzee wa mezani kwa mdogo wangu.

Halafu yupo Mary mwenyewe. Mama yake alifariki mwaka 1797, siku chache tu baada ya kumzaa. Mapema mwaka 1815, akiwa na miaka 17, naye alijifungua mtoto kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Aliandika kwenye shajara yake kwamba ameota kichanga chake kimefufuka, kwamba kilikuwa kimepatwa na baridi tu, wakakisugua mbele ya moto kikawa hai. Mwaka uliofuata, karibu na Geneva, akaanza hadithi ya mwili uliokufa unaofumbua macho. Wahakiki hupenda kuzungumzia umeme na kiburi cha sayansi, na wana haki yao. Mimi siwezi kuupita ule moto na ile mikono inayosugua.

Ndiyo maana filamu ile ya 1931 naipenda na inaniudhi. Ilimnyang'anya kiumbe maneno, anaguna tu. Kitabuni anajifunza lugha kwa kuisikiliza familia moja kupitia ufa wa ukuta, anajifunza kusoma, kisha anamkabili aliyemuumba na kumweleza maisha yake kwa urefu, kwa ufasaha unaouma. Kurasa hizo ndizo zinazonitisha kuliko zote.

Bibi yetu wa Kongwa alitusimulia misukule. Waliolizika jeneza walizika mgomba, na mtu mwenyewe yuko shambani kwa mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba. Katika hadithi za bibi hofu ilikuwa hapo kwenye ulimi, na yote yaligeuka pale ndugu alipomtambua, akamwita kwa jina lake lote, mbele ya watu.

Na tusijidanganye kwamba ni hadithi tu. Hombolo, si mbali na mjini, kuna makazi ya watu waliougua ukoma. Ugonjwa huo una tiba, na dawa mseto zimetumika tangu miaka ya 1980, ila wapo waliopona bila kurudishwa nyumbani, kwa sababu ya vidole na nyuso. Mtengenezaji wa filamu anapompa muuaji uso wenye makovu ili tumwogope upesi, anawatupia mzigo watu hawa. Nikiona hivyo siku hizi nazima.

Ninayoitamani ni filamu ya msukule iliyotengenezwa huku kwetu, kwenye vumbi na mibuyu yetu, ambamo ulimi haukukatwa. Aingie msibani kwake mwenyewe, akae mkekani na wafiwa, aanze kusema. Nimemwambia mdogo wangu. Akauliza angeanza na neno gani. Nikasema angetaja jina la baba yake, kisha la babu yake, na angeendelea kurudi nyuma hadi mmoja wa waliokaa pale ainuke.