Mbu Aliyekwisha Kutaga

Masika ya mwaka 2005, kabla dawa haijaanza kupulizwa majumbani, nilikuwa msaidizi wa kukamata mbu Micheweni, kaskazini ya Pemba. Jioni tukitundika mtego wa taa pembeni ya kitanda chenye chandarua, alfajiri tukirudi kuufungua. Nyumba niliyoizoea zaidi ilikuwa ya bi mkubwa mmoja aliyekaa na wajukuu watatu. Mmoja ndiyo kwanza ameinuka kitandani baada ya malaria.

Kumtenga anofelesi, mbu anayeeneza malaria, na mbu wengine hakukunisumbua. Akitua huinua makalio juu, na jike lake lina vipapasio virefu sawa na mdomo wenyewe. Shida ni ndugu zake. Anopheles gambiae, arabiensis, na merus wa maji ya chumvi, hata chini ya hadubini huwatofautishi. Tulikata mguu mmoja tukautia kichupani, ukapimwe vinasaba.

Umri ndio ulionishika moyo. Vijidudu vya malaria vikishaingia kwa mbu huchukua siku kumi hivi, au zaidi, kabla hajaweza kuambukiza. Mbu kijana akikuuma atakuachia kuwashwa tu. Wa kuogopwa ni aliyeishi. Na mbu hana mvi; dalili ya kuwa ameishi ni kama amewahi kutaga. Unamlaza juu ya kioo kwenye tone la maji, unamshika kifuani kwa sindano moja, kwa nyingine unavuta ncha ya tumbo taratibu mpaka mifuko ya mayai itoke. Ikikauka, unaitazama. Asiyewahi kutaga, vijirija vyake vya hewa vimejisokota nchani kama uzi uliofumuliwa kwenye kofia. Aliyekwisha kutaga, vimenyooka na havijisokoti tena.

Wiki ya kwanza niliandika "ametaga" karibu kila mstari. Msimamizi wangu alitazama vioo vyangu kimya, kisha akaniuliza, "Hawa walikuwa na damu tumboni?" Walikuwa nayo. Sikujua kwamba mbu akishanywa damu, mayai yanapokua huvinyoosha vile vijirija hata kama ni uzazi wake wa kwanza. Nilifuta kurasa mbili nzima, na usiku ule sikulala vizuri.

Baada ya hapo nikachagua wenye tumbo tupu tu. Asubuhi moja nilipasulia pale pale barazani kwa bi mkubwa, hadubini juu ya meza yake ya kukatia mboga. Wa kwanza, vimejisokota. Wa pili, vimejisokota. Wa tatu nikarudia kurekebisha lenzi mara tatu, maana vilikuwa vimenyooka kabisa, na tumbo lake halikuwa na tone la damu.

"Shikamoo bibi, njoo utazame."

"Marahaba mwanangu." Akafunga jicho moja kwa kiganja, akainama. Alikaa muda mrefu. "Mie naona vijiuzi."

"Ndivyo hivyo. Vikinyooka, keshataga."

"Mara ngapi?"

"Walau mara moja. Basi keshakunywa damu kabla ya leo."

"Na umemkamata chumba gani?"

Nikasoma karatasi ya mtego. Cha watoto.

Hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na chandarua kimekunjwa kifuani, akakitandaza mapajani, akapitisha vidole kwenye matundu moja baada ya jingine. Kisha akamwita mjukuu amletee uzi na sindano.