Siku moja maishani mwangu: mshipa wa milimita mbili na milango yake ya ioni

Saa 12:30 asubuhi

Kazi yangu ni kujaribu dawa kwenye mishipa midogo ya panya maabarani Nairobi, kuona zinagusa mlango upi wa ioni, yaani tundu la protini kwenye utando wa seli linalopitisha chembe zenye chaji kama kalsiamu na potasiamu. Maji ya Krebs (maji ya chumvi na sukari) kwanza, kabla foleni ya Waiyaki Way haijashika. Mshipa uliotolewa mwilini hauna damu tena, kwa hiyo maji haya ndiyo damu yake ya siku nzima. Lita moja huchukua sodiamu kloridi gramu 7.19, potasiamu kloridi 0.35, magnesiamu salfeti ya maji saba 0.30, potasiamu fosfeti 0.16, sodiamu bikaboneti 1.68 na glukosi 2.0. Kalsiamu kloridi ya maji mawili, gramu 0.37, huingia mwisho kabisa, gesi ya oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5% ikiwa imeshabubujika dakika kumi na tano. Ukiitanguliza, maji hugeuka kama yaliyooshewa mchele: kalsiamu imeshikana na kaboneti na fosfeti, na lita nzima ni ya kumwaga.

Aliyezoea Krebs ataona bikaboneti imepunguzwa. Vitabuni ni gramu 2.10, kipimo cha usawa wa bahari. Nairobi iko juu kama mita 1,700, na kanieneo ya hewa huku ni takriban milimita 620 za zebaki badala ya 760. Silinda imeandikwa 5%, lakini asilimia tano ya hewa nyepesi ni kaboni dioksidi kidogo zaidi majini. Ukifuata kitabu, pH hupanda kwa karibu 0.09, na alkali ikizidi milango ya kalsiamu hupitisha zaidi, hivyo mshipa hujikaza bila dawa yoyote. Ndiyo maana bikaboneti hushushwa kutoka milimola 25 hadi 20, na sodiamu iliyopungua hurudishwa kwa gramu 0.29 za chumvi. Wenzetu wa Mombasa hawana shida hii. Sisi tusipofanya hivyo, matokeo yetu hayalingani na ya yeyote aliye pwani.

Saa 2:00

Panya akishauawa kwa utaratibu ulioidhinishwa na kamati ya maadili, utando unaoshika utumbo huwekwa kwenye Krebs baridi, nyuzi 4, na kutandazwa kwa pini chini ya hadubini. Tunatafuta ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya tawi la tatu, yenye kipenyo cha kati ya maikromita 200 na 350. Wanaoanza huchukua vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Angalia njia panda: ateri hugawanyika kwa pembe kali kama V, vena kwa mviringo kama U, na ukikata, ateri hubaki wazi ilhali vena hulala. Mafuta ndiyo hushikwa kwa kibano, mshipa wenyewe kamwe.

Saa 3:00

Kipande cha milimita 2 huvishwa nyaya mbili za maikromita 40 ndani ya chemba ya miografu, mashine inayopima nguvu ya mshipa kujikaza, waya mmoja ukiwa umefungwa kwenye kipima nguvu. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Waya ukikwaruza ndani, endotheliamu, yaani tabaka la seli linalofunika ndani ya mshipa, inabanduka, na hutajua hadi baada ya saa mbili. Ingiza waya ukiuelea katikati, na ukikwama usisukume. Anza na kipande kingine.

Saa 4:00

Chai, huku chemba zikipanda hadi nyuzi 37. Baada ya nusu saa mshipa hunyooshwa hatua kwa hatua, dakika moja kila hatua, hadi mkazo wake ulingane na shinikizo la 100 mmHg. Mzingo wa ndani ni maikromita 205.6, zinazotokana na unene wa nyaya zenyewe, jumlisha mara mbili ya nafasi kati ya nyaya. Ukipata maikromita 900, rudisha hadi 0.9 ya hapo, yaani 810, sawa na kipenyo cha 258. Ukilegea sana msuli hauna pa kuvuta, ukizidisha unauchana.

Saa 5:00

Sasa tunauliza kama mshipa uko hai. Krebs ya kawaida ina potasiamu milimola 5.9, tunaweka yenye 60, sodiamu ikipunguzwa kiasi kilekile. Seli ya msuli laini ina kama 140 ndani. Mwanzoni potasiamu huvuta volti ya utando wa seli kuelekea milivolti −85; nje ikifika 60, mvuto huo huishia −23. Milango ya kalsiamu ya aina ya L hufunguka, kalsiamu huingia, hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na msuli hujikaza. Mwilini, mshipa mwembamba wenye shinikizo hukaa kwenye −40 hivi, na milivolti chache tu kwenda huku au kule hubadilisha upana wake.

Kisha fenilefrini, inayobana mshipa, na juu yake asetilkolini maikromola 10, inayoulegeza kupitia endotheliamu. Mshipa usipolegea kwa zaidi ya 80%, endotheliamu imeharibika. Kwenye chemba ya mililita 5, maikrolita 5 za akiba ya milimola 10 hutoa kipimo hicho.

Saa 8:00 mchana

Leo kuna dondoo la majani, dawa ya mitishamba inayosemwa hushusha presha. Swali ni mlango upi inaugusa. Tunabana mshipa kwa potasiamu 25, na mwingine kwa 60. Dawa inayofungua milango ya potasiamu, kama kromakalimu, hulegeza wa 25, kwa sababu volti bado inaweza kushuka kuelekea −46. Kwenye 60 haina pa kushukia, hivyo mshipa haulegei. Inayoziba mlango wa kalsiamu, kama nifedipini, hulegeza yote miwili. (Amlodipini ya presha ni ya ukoo huo, na miguu huvimba kwa sababu ateri ndogo hufunguka kuliko vena, maji yakasukumwa nje ya kapilari.) Nifedipini huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa hufungwa karatasi ya alumini.

Ikionekana ni potasiamu, tunatanguliza glibenklamidi maikromola 10 kwa dakika ishirini, kuona kama itazuia ulegevu huo. Ndiyo hiyohiyo ya kisukari: kwenye kongosho hufunga mlango wa potasiamu unaozimwa na ATP (nishati ya seli) na insulini ikatoka, na ndugu wa mlango huo yuko kwenye mshipa.

Ila kuna mtego uliokwisha kuzika makala kadhaa. Majani yana potasiamu tele. Dondoo likipandisha potasiamu ya chemba hadi 10 au 15, mshipa uliobanwa kwa fenilefrini hulegea wenyewe, maana kiasi hicho huchochea milango ya potasiamu iitwayo Kir na pampu ya sodiamu. Utadhani umepata dawa, kumbe umepata majivu, yaani potasiamu tu. Pima potasiamu ya dondoo kwa fotometa ya mwali (kipimo kinachosoma rangi ya mwali wa moto) kwanza, na chemba ya pili ipewe potasiamu hiyohiyo bila dondoo.

Stima ikipotea, gesi huendelea kwa sababu ni ya silinda, lakini hita huzimika. Chini ya nyuzi 35 sisi huacha kusoma.

Saa 11:00 jioni

Chemba husuguliwa kwa asidi ya asetiki 8%, dakika mbili, kisha maji safi mara nyingi, kwani masalia ya nifedipini hung'ang'ania plastiki na kesho mshipa utakataa kujikaza. Silinda hufungwa, geji husomwa na kuandikwa. Krebs iliyobaki humwagwa.