Kuteka na kuteka: nilivyoandika tasnifu yangu Lamu

Pendekezo langu la kwanza la tasnifu ya shahada liliitwa "Lahaja ya Kiamu". Msimamizi alilirudisha na swali moja: lipi ndani ya Kiamu? Sikuwa na jibu. Kwamba Amu, yaani Lamu, macho ni mato, mchele ni mtele na njoo ni ndoo, kila mtu wa Pwani anajua, na wanaisimu wameshayaandika zamani.

Jibu lilitoka kwa nyanya yangu, mtaa wa Langoni mjini Lamu. Kwao kucheka ni kuteka, na kuchota maji pia ni kuteka. Masikioni mwangu lilikuwa neno moja. Nilipolitamka akanikatiza: "Hiyo ni ya mai, siyo ya furaha." Akanionyesha: katika kuteka kwa furaha ulimi hugusa meno, katika kuteka maji hurudi nyuma kwenye ufizi. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, herufi T ni moja tu vitabuni, na mimi niliyesomea Malindi sikufundishwa kusikia mbili. Nikajua tasnifu yangu ni hiyo: je, vijana wa Amu bado wanazitenga?

Kurekodi ndiko kulikonitesa. Siku nne niliketi na wazee, orodha ya maneno mkononi na kinasa sauti mezani, na kila mmoja akanitolea Kiswahili cha redioni. "Macho." "Mchele." "Kucheka." Walikuwa wananiheshimu, mgeni wa chuo, wakanipa lugha ya wageni. Nilirudi kwa nyanya karibu nalia. Akaniambia niache kuhoji, nikakae na wanawake wanaosuka mikeka.

Nikaenda Matondoni, kijiji cha kisiwani humo humo. "Ndoo," mama mmoja akaniita, akanipa ukili nishike. Ridhaa niliiomba kwa mdomo na kuirekodi, maana karatasi za kutia sahihi ziliwatia wasiwasi. Kisha nikaweka kinasa juu ya mkeka, nikasuka. Hata nusu saa haijapita walikuwa wameshakisahau, na mazungumzo yakaenda kwenye harusi, bei ya samaki na mume wa fulani. Mato, mtele na kuteka vikamiminika bila kuulizwa.

Usiku nilikata sauti kwa Praat, programu ya bure ya kuchambua matamshi. Saa moja ya maongezi ilinila siku mbili, na masikio yangu yalichelewa kuzoea. Mwanzoni kila T yenye shaka nilimpelekea nyanya.

Kwa vijana nilikuwa nimetarajia ndiyo au hapana. Sikupata. Wale niliowarekodi waliniambia "kucheka" wakinitazama, wakageuka kwa mama zao wakasema "kuteka", ulimi kwenye meno kabisa. Niliibadilisha sura ya nne yote: swali likawa wanazungumza na nani. Sikudai lolote kuhusu Amu nzima, kwa kuwa watu wangu walikuwa wachache, na msimamizi alikubali hivyo hivyo.

Nakala za rekodi niliziacha Matondoni, kwenye simu za watoto wao. Sauti ni zao.