Kivuli cha Mpiga Picha

Leo wiki ya tatu imetimia tangu simu ile iingie alfajiri. Nilisikia sentensi moja tu, nguvu zikaniishia, nikabaki ukingoni mwa kitanda mpaka jua likachomoza. Rafiki yangu hakuugua, hakuaga. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumeandikiana, akasema kesho atanitumia picha za Jumapili.

Kuhusu kifo chenyewe sina la kuandika, bado kinanikaba koo.

Siku mbili baadaye mama yake alinipigia. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye siku zote. Nitafutie picha yake nzuri, ile anayocheka."

"Ninazo nyingi, mama. Nakutumia sasa hivi."

Nilisema kwa uhakika, kwani miaka tisa ya urafiki wetu imejaa picha. Nikafungua simu, nikaanza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Niliwaona wote: mimi, wenzetu, watoto wa wenzetu, mawingu, paka aliyelala juu ya ukuta. Yeye hayumo. Kamera ilikuwa mikononi mwake siku zote! "Sogeeneni, sogeeneni, wewe mrefu rudi nyuma." Na mimi katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia, lete nikupige na wewe. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Ipo picha aliyowahi kunionyesha, akiifurahia kana kwamba kaipiga mwenyewe. Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliipiga Paris mwaka 1838, kutoka dirishani, akiuelekeza mtambo wake kwenye mtaa wa Boulevard du Temple. Mtaa wenye pilikapilika, lakini kwenye picha barabara ni tupu. Bamba la kunasia picha lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, hivyo watu na magari ya farasi walipita bila kuacha alama. Pembeni amebaki mtu aliyesimama kupigiwa viatu rangi, na, kwa kufifia, yule anayemhudumia. Wanahesabiwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana pichani, na majina yao hayajulikani. Nilipokuwa natafuta usiku ule, barabara ile ilinijia machoni. Mtu wangu alipita hapa, najua alipita, mbona pako wazi hivi?

Ndipo nikarudia kutazama, polepole safari hii. Kuna picha ya sisi watano tumekaa kwenye ngazi, jioni, jua likiwa nyuma ya mpigaji. Miguuni petu kimelala kivuli kirefu: kichwa, mabega, viwiko viwili vimeinuliwa. Ni yeye. Tena hakuna hata mmoja wetu anayeitazama kamera. Macho yote yameelekea juu yake kidogo, pale uso wake ulipokuwa, na tunacheka mpaka mmoja kafumba macho. Alikuwa amesema kitu. Nimejaribu kukikumbuka mpaka kichwa kikauma, sikipati. Kicheko chenyewe kipo, kimekaa palepale kwenye ngazi.

Nimekuwa nikimtafuta hivyo tangu siku hiyo. Kidole chake kimeziba kona ya picha moja. Katika nyingine, ukikuza kioo cha dirisha, unamwona mdogo kama ukucha, ameinama.

Wenzetu nao nikawaomba watafute, tena wanitumie mafaili halisi, maana picha ikipitia programu za ujumbe mara nyingi hupunguzwa ukubwa na kupoteza tarehe na saa yake. Saa nazihitaji. Nataka kujua ilikuwa saa ngapi tulipokuwa naye.

Ikaja moja. Amegeuka ghafla kumwitikia mtu, uso umetikisika, sikio tu ndilo limetulia. Mdomo u wazi, nusu neno nusu cheko. Mpiga picha yeyote angeifuta, na yeye angekuwa wa kwanza. Nilisita sana kabla ya kumtumia mama.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akapiga. "Huyu ndiye," akasema. "Hakuwahi kutulia huyu, tangu tumboni." Tukalia pamoja kwenye simu, bila kuambiana nyamaza.

Ile ya kwenye ngazi nimeisafisha jana. Nimeitundika kwenye ukuta ambao jua haliufikii, ili rangi zisififie, na nimeipandisha kidogo, kivuli kiwe sawa na macho yangu.