Kumfungulia Mbwa Mchana

Katika nyumba nyingi za Moshi, kuanzia Pasua hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vya Uru na Kibosho, mbwa hufungwa asubuhi na kufunguliwa usiku, geti likishafungwa na wenye nyumba wakishaingia ndani. Utaratibu huo una sababu zake na siudharau, kwa kuwa kwa wengi wetu kazi ya mbwa ni ulinzi. Hata hivyo, mbwa aliyezoea kuwa huru gizani tu hukua bila kumjua mtoto anayekimbia kuwahi shule, mbuzi anayepitishwa njiani, pikipiki ya bodaboda, wala mgeni anayepiga hodi kwa amani. Siku mnyororo utakapokatika saa nne ya asubuhi, mbwa huyo atamtisha kila anayekutana naye, na yeye mwenyewe atakuwa hatarini kuliko wote. Kwa sababu hiyo nilikusudia, tangu nilipomchukua Doa kutoka kwa mama yake huko Uru, kumlea ili aweze kutembea nami mchana bila kamba na kurudi ninapomwita.

Doa ni jike, mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya udongo na alama nyeupe kifuani iliyompatia jina. Watu husema mbwa wa namna hii hafundishiki, na kwamba mafunzo ni ya German Shepherd na wenzake wa bei kubwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mbwa wa kienyeji ametokana na vizazi vilivyoishi karibu na watu kwa kuwasoma nyuso na mienendo yao, na uwezo huo ndio mafunzo yanaouhitaji.

Jambo la kwanza lilikuwa chanjo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza, karibu kila mara huishia katika kifo, awe mtu au mnyama, na hakuna mwenye haki ya kumwachia mbwa asiyechanjwa atembee kati ya watoto wa wenzake. Kwa kawaida chanjo hiyo hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukose njia ya kuenea, na hiyo ina maana kwamba mbwa wangu mmoja ni sehemu ya kinga ya mtaa mzima. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.

Kuna pia parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa haraka, ambao virusi vyake huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi. Hapo mfugaji hukutana na mgongano wa kweli, kwa sababu umri ambao mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, huisha kabla mfululizo wa chanjo haujakamilika. Mimi nilikuwa nikimbeba Doa mikononi hadi kwenye kijiwe cha bodaboda ili asikie injini zikiwashwa, aone watu wenye kofia ngumu, anuse moshi na mahindi ya kuchoma, huku miguu yake haigusi ardhi. Vijana wa kijiweni walishangaa mwanzoni, kisha wakawa wanamsalimia yeye kabla yangu.

Sehemu iliyohitaji subira kubwa zaidi ni kumfundisha kurudi. Nilichagua mluzi badala ya kumwita "njoo", kwa kuwa katika ua wenye watoto neno hilo husikika kutwa nzima na mbwa hujifunza kulipuuza, na pia kwa kuwa mluzi haubebi hasira ya mtu aliyechoka. Zawadi yake ilikuwa dagaa kutoka soko la Mbuyuni, niliowakausha kwenye kikaango bila chumvi. Utaratibu una umuhimu wake: mluzi hutangulia, dagaa hufuata. Ukimwonyesha mbwa chakula kwanza ndipo umwite, umemfundisha kuangalia mkono wako, na siku mkono utakapokuwa mtupu hatakuja. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kudondokwa na mate kwa ishara tu, mradi ishara hiyo imezoeleka kutangulia chakula. Nilitaka mluzi wangu uingie kwa Doa kwa kina hicho, aanze kugeuka kabla hajapata nafasi ya kujiuliza kama anataka.

Tulianzia sebuleni, tukaenda uani, kisha nje kwa kamba ndefu. Kamba yenyewe ilikuwa ya manila, ya mita 10, isiyo na fundo lolote, kwa sababu fundo hunasa kwenye mashina ya migomba na mizizi ya mikahawa. Niliifunga kwenye mikanda ya kifuani wala si shingoni, kwani mbwa anayekimbia kwa kasi akikatishwa ghafla na kamba anaweza kuumia shingo. Kamba huburuzwa chini tu, na kazi yangu ni kuikanyaga pale inapobidi. Sikuitumia kumvuta ili arudi, kwa sababu mbwa anayevutwa hajifunzi kurudi, hujifunza kuvutwa.

Ninaomba msomaji akae na jambo hili kidogo, maana naona ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Mbwa akiitwa, akaja, akafungwa, akapelekwa nyumbani, na ikawa hivyo kila mara, ataelewa upesi kwamba kurudi ndiko kunakomaliza raha yake, na atakapokuwa huru atasimama hatua chache tu usipofikia. Kwa hiyo mara nyingi Doa anapokuja humpa dagaa wake, humshika mkanda kidogo, humkuna nyuma ya sikio, kisha humwambia aende tena. Mbaya zaidi ni kumpiga mbwa aliyechelewa. Mwenye mbwa anadhani ameadhibu ukaidi wa dakika kumi zilizopita, lakini mbwa anachojua ni kwamba amefika kwa bwana wake na amepigwa. Vilevile haifai kumfukuza anapokataa, kwa sababu kwake huo ni mchezo na yeye ana mbio kuliko wewe. Geuka, kimbilia upande wa pili, naye atakufuata.

Majirani nao walistahili kuambiwa mapema. Jirani yangu wa karibu ni mzee anayepita mbele ya geti letu kila alfajiri kwenda msikitini, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa huku kwetu huyafuata, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayemrukia mtu aliyekwisha kutia udhu kwa sababu ya furaha tu anamletea usumbufu wa kweli. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamweleza nia yangu. "Mwanangu," aliniambia, "mbwa wako akija nikiwa na kanzu yangu, urafiki wetu utabaki, lakini sitafurahi." Nilimwahidi kwamba Doa hatafunguliwa katika njia yetu, asubuhi wala jioni, na ahadi hiyo naichukulia kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe.

Mahali pa kumfungulia palinisumbua kwa muda. Msitu wa Rau ni wa kupendeza, lakini una mbega na kima, na mbwa kijana anayemwona mnyama akiruka juu ya mti hasikii chochote tena. Isitoshe, msitu ni wa hifadhi na wanyama wake hawakuumbwa wawe mazoezi ya mbwa wangu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro haipokei mbwa wa watu. Mashamba ya kahawa hupuliziwa dawa, na kwenye vihamba kuna mifongo, yaani mifereji ya maji, kuku wa watu na mbuzi wa kufungiwa. Mwishowe nilipata ruhusa ya kutumia uwanja wa kanisa moja, uliozungukwa na michongoma pande zote, siku za kazi ambapo hakuna ibada wala watoto.

Umri nao niliufikiria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Biology Letters, uliofanywa kwa mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuongoza wasioona, ulionyesha kwamba mbwa wa miezi minane huwa wagumu kumtii mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi mitano, ilhali kwa mtu mgeni hawaonyeshi ukaidi huo. Nilipousoma nilitulia moyo, kwa sababu Doa alikuwa ameanza kuusikia mluzi na kuendelea kunusa. Nilirudi kwenye kamba ndefu, nikasubiri hadi ukaidi ule ulipopungua.

Siku yenyewe nilimwacha kwanza akimbie na kamba hadi haraka ya mwanzo ilipomtoka. Kisha niliinama, nikafungua kishikizo cha chuma taratibu, na nikaendelea kutembea bila kusema neno. Hakutambua. Alitembea kando yangu hatua kadhaa kana kwamba kamba ipo, hadi kunguru alipotua upande wa pili wa uwanja, naye akatimka kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake, mgongo ukijikunja na kujinyoosha, masikio yamelala. Kunguru aliruka. Doa alisimama, akanusa pale alipokuwa ametua, na hapo nilimtazama masikio tu. Mbwa aliyezama katika harufu huelekeza masikio mbele. Anapoanza kukukumbuka, sikio moja hugeuka nyuma kabla kichwa hakijageuka. Sikio la kushoto lilipogeuka nilipiga mluzi, na alikuja moja kwa moja, akakaa miguuni pangu akihema huku vumbi jekundu limemjaa puani. Alipata dagaa kiganja kizima, na nikamwambia aende.

Mara iliyofuata alisimama katikati ya uwanja akitazama kuku aliyepenya kwenye michongoma. Sikurudia mluzi, kwa kuwa wito unaorudiwarudiwa hupoteza nguvu. Nilichuchumaa, nikampa mgongo, nikajifanya naokota kitu kwenye nyasi. Nilisikia kucha zake kwenye ardhi kavu kabla sijamwona.

Kwa sasa Doa hufunguliwa uwanjani humo pekee, na barabarani kamba haitoki mkononi mwangu, hata akiwa mtulivu kiasi gani, kwa kuwa bodaboda mmoja akianguka kwa kumkwepa ni jeraha la mtu na riziki ya familia. Anapokuwa kwenye joto la kutaka dume, muda unaochukua takriban wiki tatu, atakaa nyumbani kabisa, maana mbwa dume humnusa jike wa namna hiyo kutoka mbali na hakuna mluzi utakaoshindana na jambo hilo. Nimeshazungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi. Kilichobaki ni mbuzi. Jirani wa upande wa juu, anayefuga watatu zizini, amekubali tukae karibu na zizi lake jioni wakati wa kuwalisha majani, kamba ikiwa imekanyagwa na dagaa wakiwa mfukoni, hadi Doa aweze kuwatazama mbuzi na bado ageuke anaposikia mluzi.