Ndoo ya maswali imeanza kujaa

Kumbukumbu ya semina za kujithamini za wasichana, kigangoni Igombe

Hatimaye sanduku la maswali, lile la wasichana kuuliza bila kujitaja, linafanya kazi, ila sasa ni ndoo. Walezi wenzangu mnajua linavyosumbua: mnalitangaza, mnalipamba, na mwisho wa kipindi mnakuta vikaratasi viwili, vyote vya maswali mepesi ya katekisimu.

Aibu ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kubwa ni kwamba siri yenyewe haipo. Wasichana hawa wanasali jumuiya moja, wanasoma shule moja na wanaazimana madaftari, kwa hiyo mwandiko wa kila mmoja unajulikana. Kalamu ya zambarau ina mwenyewe. Karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku nayo ina mwenyewe. Zaidi ya yote, anayeandika anaonekana anaandika, kwa sababu wenzake wamekaa tu. Sanduku la mbao lenye kufuli pale kwenye ubao wa matangazo ndilo baya kuliko yote: nani atalisogelea baada ya Misa, mama zao wamesimama mlangoni? Fomu ya kwenye simu haisaidii pia, simu ni ya mama.

Kilichofungua njia ni kuwafanya wote waandike, kwa muda uleule, kitu cha urefu uleule. A4 moja inakunjwa mara tatu na kukatwa vipande 8. Karatasi 5 zinatosha wasichana 40. Penseli ni HB za aina moja, zimechongwa kabla. Herufi kubwa tupu. Asiye na swali ananakili Zaburi 139:14 yote kutoka ubaoni, na hapa ndipo penye kazi. Ukimpa mstari mfupi kama "sina swali" anamaliza upesi, na yule anayebaki ameinama amekwisha kujitaja. Aya ile ina urefu wa swali la kweli. Hakuna anayeweka penseli chini mpaka mlezi aseme, dakika 5. Kisha kila mtu anakunja mara mbili, na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko uliotobolewa inazunguka mkono kwa mkono. Kwangu ndoo inalishinda boksi kwa mbali: hailowi, haichanguki, haichunguliki.

Wakati wa uji walezi wawili wanachambua vikaratasi mafungu matatu. Fungu la kwanza, yale ambayo walezi wanaweza kuyajibu wenyewe, linajibiwa siku hiyohiyo, hata kama ni maswali matatu tu. Yakisubiri wiki nzima wanaamini hayasomwi. La pili linamngoja dada muuguzi: mkorogo, hedhi, chunusi. La tatu halisomwi mbele ya watu kabisa: kupigwa, kuguswa, lifti za bodaboda zenye masharti. Kila swali mlezi analisema upya kwa maneno yake, kwa sababu namna mtu anavyosema ni mwandiko wa pili.

Fungu la tatu linaumiza. Hujui ni nani, na ukiuliza "nani ameandika hili" umeiua ndoo. Kwa hiyo kila kipindi, fungu hilo liwepo lisiwepo, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inaandikwa ubaoni, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linatajwa, na mlezi mmoja anabaki kukusanya vikombe mpaka wa mwisho aondoke. Akijitokeza mtu, haahidiwi siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwenye taarifa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na wasichana wote wanaambiwa hivyo tangu mwanzo.

Dodoso la Rosenberg la kupima kujithamini, lile la 1965 lenye sentensi 10, limewekwa pembeni. Sentensi tano ni za upande hasi, na msichana wa kidato cha kwanza anayesoma "sina mengi ya kujivunia" halafu atakiwe kuchagua "sikubali" anaweka alama asipokusudia. Mpango ulikuwa kuziandika upya. Sasa tunahesabu Zaburi ndani ya ndoo: zikipungua, maswali yameongezeka, imani imeingia.

Ratiba inafuata mwezi wa angani. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani, na kesho yake wasichana wako kwenye kuanika, wanafika wamechelewa na wamechoka. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na ukumbi unajaa, ndipo ndoo inapotolewa.

Kinachofuata ni darasa la saba. Herufi kubwa zinawachukua muda, kwa hiyo kwao ni nusu ya kwanza ya aya na dakika 8.